Kutoka Mwavi Hadi Kidonge

Hapa Singida Mjini, mzee akianza kuuliza jambo lile lile mara tatu asubuhi moja, majirani husema ni uzee tu. Akianza kupotea usiku na kukutwa kwenye ua wa watu, maneno hubadilika: anawanga. Niliyasikia yakisemwa juu ya mama aliyenifundisha kusoma, naye kosa lake lilikuwa kusahau njia ya kwake.

Ajabu ni kwamba dawa ya maradhi hayo ilianzia kwenye kesi za uchawi. Huko Calabar, katika Nigeria ya leo, mtuhumiwa alinyweshwa maji ya haragwe la sumu, kama mwavi wa huku kwetu. Akitapika, hana hatia. Akifa, alikuwa mchawi. Mwaka 1855 Robert Christison, bingwa wa sumu wa Edinburgh, alilitafuna mwenyewe ili alijue, akaponea kwa kunywa maji ya kunyolea ndevu ili atapike. Mwaka 1864 Wajerumani walilitoa kiini chake, fisostigmini.

Seli za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali, mojawapo ikiwa asetilikolini. Habari ikishafika, kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huivunja kemikali hiyo, kama mwalimu afutavyo ubao apate kuandika jipya. Fisostigmini humshika mkono mfutaji. Otto Loewi na mwenzake Navratil walilionyesha hilo mwaka 1926. Ikizidi, maandishi hurundikana, misuli hulegea na pumzi hukatika. (Baadhi ya dawa za kupe tulizotia katika majosho yetu huua kwa njia hiyo hiyo.)

Mwaka 1976 ilidhihirika Uingereza kwamba ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer umepungukiwa na uwezo wa kutengeneza asetilikolini. Basi chaki ikiwa haba, usiharakishe kufuta. Donepezili iliidhinishwa Marekani mwaka 1996. Rivastigmini, iliyobuniwa kwa mfano wa fisostigmini, ikaidhinishwa huko mwaka 2000. Hazifufui seli zilizokufa. Huwapunguzia baadhi ya wagonjwa usahaulifu kwa muda.

Wala si maradhi ya Wazungu. Huko Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 walipimwa wazee zaidi ya 1,000 wenye miaka 70 na kuendelea, na takriban 6 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya usahaulifu wa uzeeni (dimensia).

Mwalimu wangu hakukiona kidonge hicho. Kijana mmoja wa jirani ndiye aliyekuwa akimrudisha nyumbani usiku, kandili mkononi, na kila mara yeye alimwuliza jina lake.