Moto wa Kuota na Moto wa Kupikia: Kiini cha Faraja ya Kuuzunguka Moto

Ikisiri

Makala haya yanahoji dhana kwamba faraja ya kukaa kando ya moto imo ndani ya moto wenyewe. Kwa kulinganisha moto wa kuota na moto wa kupikia katika jamii za Afrika Mashariki, na kwa kupitia tafiti za akiolojia, saikolojia na anthropolojia, makala yanadai kuwa kinachomliwaza mtu ni kikao: saa isiyo na kazi, duara la watu, na ruhusa ya kunyamaza pamoja. Hoja hii ina uzito wa pekee katika kipindi hiki cha kuhamia nishati safi ya kupikia.

1. Utangulizi

Binadamu ameishi na moto kwa muda mrefu kuliko alivyoishi na kilimo, mifugo au maandishi. Katika pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, majivu na vipande vya mifupa iliyoungua vinaonyesha kuwa moto ulitumika humo yapata miaka milioni 1 iliyopita. Richard Wrangham, aliyewahi kuwatafiti sokwe wa Gombe mkoani Kigoma, alitetea katika kitabu chake cha mwaka 2009 hoja kwamba upishi uliubadili mwili wenyewe: meno na utumbo vilipungua, ubongo ukapata nishati ya kukua. Kutokana na historia hiyo, wengi huhitimisha upesi kuwa tunatulia mbele ya moto kwa sababu tumezaliwa hivyo. Mababu walioupenda moto walinusurika na baridi na simba, nasi tukarithi mapenzi yao.

Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Yangetosha, kila moto ungeliwaza. Anayezijua nyumba zetu anajua kuwa sivyo.

2. Mioto miwili ya kaya moja

Tuchukue kaya ya Kisukuma kabla ya umeme na luninga kuingia vijijini. Jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, wanaume na vijana walikusanyika shikome, mahali pa kuota moto kwenye uwanja wa kaya. Moto wa hapo haukuwa na papara. Gogo zito liliungua ncha moja tu, na kila lilipopungua kijana alilisukuma kwa mguu kuelekea kwenye makaa. Upepo ulipogeuza moshi, aliyefikwa nao alisogeza kigoda, mazungumzo yakaendelea. Hapo vijana walifunzwa nasaba, taratibu za kuposa na namna ya kumjibu mkwe.

Hatua chache kutoka hapo, jikoni, mama alikuwa na moto mwingine. Mafiga matatu, kuni zilizoloa mvua ya masika, chungu kisichotaka kuchemka. Aliinama kupuliza, akafuta machozi kwa ncha ya kanga, huku akimwangalia mtoto aliyetambaa karibu na makaa. Kuni zilikuwa zile zile, pengine za mzigo mmoja aliojitwika yeye mwenyewe. Hakuna awezaye kusema kwa haki kuwa moto huo ulimliwaza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu itokanayo na nishati za majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Mtu anaweza kudhani tofauti hapa ni ya jinsia tu. Lakini kwa Wajaluo, wakati wazee wamekaa duol, kibanda cha wanaume, watoto walikuwa siwindhe, nyumba ya bibi, wakisikiliza hadithi kando ya moto hadi usingizi uwachukue. Bibi huyo alikuwa amepika kwa mafiga maisha yake yote, ila saa hiyo hakuwa na chungu cha kuangalia. Kwa hiyo, kinachoutenga moto wa faraja na moto wa adha ni kwamba wa kwanza haumdai mtu kazi.

3. Tafiti zinasema nini

Mwaka 2014 mwanaanthropolojia Christopher Lynn wa Marekani alichapisha matokeo ya majaribio kwa watu wazima 226 waliotazama video za moto. Moto uliosikika ukialika ulishusha shinikizo la damu, na kadiri muda ulivyorefuka ndivyo athari ilivyozidi. Athari hiyo iliongezeka kwa wale wenye mwelekeo mkubwa wa kushirikiana na wenzao. Ikumbukwe kuwa moto wa video hauna joto. Kama mwili hutulia bila joto, na hutulia zaidi kwa mtu anayependa watu, basi kuota miguu na viganja hakuwezi kuwa chanzo pekee cha faraja.

Mwaka huo huo mwanaanthropolojia Polly Wiessner alichapisha uchambuzi wa mazungumzo ya Ju/'hoansi, wawindaji na wakusanyaji wa mpakani mwa Namibia na Botswana, aliyoyarekodi miaka ya 1970. Mchana, 31% ya mazungumzo yalihusu uchumi, 34% malalamiko, lawama na umbea, na hadithi zilikuwa 6% tu. Usiku, kando ya moto, hadithi zilipanda hadi 81%. Watu walikuwa wale wale, na ugomvi wao haukuwa umekwisha. Kilichobadilika ni saa: giza liliondoa kazi, moto ukabakiza mwanga wa kutosha kuonana lakini usiotosha kufanya shughuli za mchana.

Mfano wa Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi unaipima hoja hii kwa ukali zaidi. Hawa huota moto kila siku, lakini ngoma yao tukufu ya epeme huchezwa usiku usio na mbalamwezi, mioto ikiwa imezimwa. Mwanamume hucheza gizani, njuga mguuni, wanawake wakiimba. Ukaribu mkubwa kabisa wa jamii hiyo hupatikana bila mwali hata mmoja. Moto, basi, ni chombo kimoja cha kuwakusanya watu, ingawa ni chombo chenye uwezo wa pekee.

4. Uwezo wa duara

Uwezo huo unatokana na mambo matatu. Kwanza, joto la moto husafiri kama miale: humpata aliye mbele yake, likauacha mgongo wake baridini. Kila mtu hulazimika kugeukia katikati, na duara hujiunda bila mpangaji. Pili, mwanga hupungua haraka kadiri unavyosogea mbali, hivyo waliomo huonana na walio nje hufichwa na giza. Mpaka wa kikundi huonekana kwa macho.

La tatu ndilo zito. Katika jamii zetu nyingi kijana hamkazii macho mzee wake, na kunyamaza mbele ya mgeni huweza kuonekana ni dharau. Moto huwapa wote wawili mahali pa kuweka macho. Mwali haujirudii, kwa hiyo hushika macho bila kuichosha akili. Mzee anaweza kukaripia bila kumwaibisha kijana, na kijana kukiri kosa bila kutazamwa usoni. Ukimya nao haumdai mtu maelezo, kwa kuwa kila mmoja ana kitu anachokitazama. Meza haifanyi kazi hiyo, kwani huwakabilisha watu. Luninga hukusanya macho, lakini huchukua na masikio.

5. Hitimisho

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Wapo wanaohofia kuwa mafiga yakiondoka, utu wa nyumba utaondoka nayo. Uchambuzi huu unaonyesha kuwa hofu hiyo imeelekezwa pasipostahili. Moto wa jikoni haukuwa kamwe chemchemi ya faraja tunayoililia. Ulikuwa gharama yake, na aliyeilipa hakukaribishwa shikome.

Swali la haki ni hili: muda ambao gesi na umeme vitauokoa kutoka kwa msaka kuni na mpuliza moto utakwenda wapi? Ukimezwa na kazi nyingine, tutakuwa tumeokoa mapafu tu, jambo ambalo peke yake ni jema. Ukigeuzwa kuwa kikao cha jioni ambacho mama naye ana kigoda chake, tutakuwa tumetenda ambalo shikome halikulitenda. Watafiti wa nishati wanaohesabu mitungi ya gesi wahesabu pia saa za mazungumzo katika kaya hizo, na waulize ni nani aliyeketi.