Jaji Koome: Binti wa Meru aliyeamua kesi ya nyumbani akiwa Nyeri

MACHI 12, 2014, majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa waliokuwa wakiketi mjini Nyeri walifutilia mbali ushindi wa Gavana wa Meru, Bw Peter Munya. Mmoja wao, pamoja na Majaji Alnashir Visram na James Otieno-Odek, alikuwa Martha Karambu Koome, mzaliwa wa kijiji cha Kithiu, katika Meru hiyo hiyo.

Alizaliwa mwaka wa 1960 katika familia ya wakulima yenye mama wawili na watoto 18. Alifuzu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi mnamo 1986, na katika miaka ya tisini, enzi za kupigania demokrasia, akawatetea mahakamani waliozuiliwa kwa sababu za kisiasa. Aliwahi pia kuongoza FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake. Mnamo 2003 Rais Mwai Kibaki, naye mwana wa Othaya, Nyeri, alimteua kuwa jaji wa Mahakama Kuu.

Nje ya mipaka, alihudumu katika kamati ya wataalamu ya Umoja wa Afrika kuhusu haki na ustawi wa mtoto. Jaji Joyce Aluoch, Mkenya wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu (ICC) mnamo 2009, alipitia kamati iyo hiyo. Mwaka wa 2010 Koome alipata shahada ya uzamili ya sheria ya kimataifa kutoka Chuo Kikuu cha London.

Turejee Nyeri. Mpiga kura mmoja alikuwa amepinga uchaguzi wa gavana wa 2013, na Mahakama Kuu ya Meru ikamkatalia. Koome na wenzake walimpa ushindi. Furaha hiyo haikudumu: Mei 30, 2014, Mahakama ya Juu ilimrejeshea Bw Munya kiti chake, ikisema kuwa rufaa za uchaguzi sharti zijikite katika hoja za kisheria pekee, na kwamba kasoro zilizotajwa hazikuathiri matokeo.

Lawama pia zilimfikia. Oktoba 25, 2017, mkesha wa marudio ya uchaguzi wa urais, aliketi na wenzake wawili siku ya mapumziko, wakasimamisha uamuzi wa Mahakama Kuu kuhusu wasimamizi wa uchaguzi. Kikao hicho kilizua maswali mengi.

Mei 21, 2021, baada ya kuwashinda wawaniaji wengine tisa, aliapishwa kuwa Jaji Mkuu, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini. Ndivyo alivyokuja kuwa rais wa Mahakama ya Juu, ile ile iliyotengua uamuzi wake wa Nyeri. Aliyemteua alikuwa Rais Uhuru Kenyatta. Miezi kumi baadaye, Machi 31, 2022, mahakama hiyo ilizima mpango wa kubadilisha Katiba, BBI, ambao Rais huyo aliupigia debe kwa udi na uvumba. Koome alikuwa miongoni mwa majaji wengi waliosema Rais hana mamlaka ya kuanzisha mageuzi kupitia njia iliyotengewa wananchi.