Magonjwa ya samaki wa tangi katika Plateau, Eldoret

Magonjwa ya samaki wa tangi ni hali zinazomdhoofisha au kumuua samaki anayefugwa ndani ya kioo kwa ajili ya kutazamwa, si kwa chungu. Makala hii inaeleza yanavyotambuliwa na kutibiwa Plateau, kituo cha reli kilicho kusini-mashariki mwa Eldoret, katika kaunti ya Uasin Gishu. Vimelea na bakteria wanaowasumbua samaki hapa ni wale wale wa Nairobi na Mombasa. Mwendo wa ugonjwa ndio tofauti, na anayefuata maandishi ya kichupa cha dawa neno kwa neno huishia kumzika samaki akiwa na dawa nusu mkononi.

Kisa ni mwinuko. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Plateau iko juu zaidi kidogo, kwenye njia ya reli inayopanda kwenda Timboroa. Usiku wa Julai joto la nje hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na tangi lisilo na hita hukutwa alfajiri likiwa na nyuzi 15 hadi 17. Gapi, moli, beta na neon tetra, ambao ndio wengi madukani, hutaka nyuzi 24 hadi 26 hivi. Samaki dhahabu ndiye anayeivumilia hali hii, kwani hustarehe kati ya nyuzi 18 na 22. Kama mtu angeuliza kabla ya kununua, jibu la busara lingekuwa hilo: Plateau ni nchi ya samaki dhahabu. Wengi huuliza baada ya kununua.

Jambo la pili halionekani kwa kipimajoto. Hewa ya huku ni nyepesi, shinikizo lake likiwa kama robo tatu tu ya lile la pwani, na maji hubeba oksijeni kwa kadiri ya shinikizo hilo. Lita moja ya maji yenye nyuzi 25 huweza kubeba miligramu 8.3 hivi za oksijeni Mombasa. Plateau haizidi sana 6.4. Yakipashwa hadi nyuzi 30, hushuka chini ya 6. Ndiyo kusema, joto linalomponya samaki wa hapa ndilo linalomnyima pumzi.

Uchunguzi

Samaki hutazamwa alfajiri, kabla taa haijawashwa na kabla hajalishwa. Kaa kitako mbele ya kioo, mwanga wa tochi uelekee pembeni usimtie kiwewe, uhesabu matamvua yanavyofunguka na kufunga kwa sekunde 15, kisha uzidishe kwa nne. Hesabu hiyo haina maana peke yake. Inafaa kwa mtu aliyeihesabu pia siku samaki alipokuwa mzima na kuiandika mahali. Kisha tazama mapezi: yamekunjuliwa kama kanga iliyoanikwa, au yamebanwa ubavuni? Tazama kama anajisugua kwenye kokoto, kama amejitenga nyuma ya hita, kama anameza chakula na kukitema.

Swali linalotangulia jina la ugonjwa ni hili: wameugua wote kwa pamoja au mmoja mmoja? Samaki wote wakipanda juu kuhema ndani ya saa ile ile, tatizo liko majini, na dawa yoyote itakayotiwa itaongeza sumu juu ya sumu. Akianza mmoja, siku ya tatu akafuata mwingine, hapo ni maradhi ya kuambukiza. Kanuni hii haijawahi kuandikwa kwenye kichupa chochote nilichokiona, nayo huokoa samaki wengi kuliko vichupa.

Maji

Tangi jipya huua kwa amonia. Kinyesi na chakula kilichooza hutoa amonia. Bakteria wa kundi la Nitrosomonas huigeuza kuwa nitriti, na wengine, hasa Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao hukaa kwenye sponji ya kichujio na kokoto, na huchukua wiki nne hadi sita kujijenga katika maji ya vuguvugu. Katika maji baridi huchelewa zaidi. Ndiyo maana anayeosha sponji kwa maji ya mfereji yenye klorini, akifurahia usafi wake, huwaona samaki wakilegea siku chache baadaye. Sponji hukamuliwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, basi.

Maji ya mfereji yakilala usiku mzima kwenye ndoo wazi, klorini ya kawaida huondoka. Maji ya kisima nayo hayana klorini, lakini mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na kabonidayoksaidi nyingi na oksijeni kidogo, kwa hiyo hupigwa pampu ya hewa kwa saa kadhaa kabla ya kutumika. Maji ya mvua yanayokingwa kwenye mabati ni laini kupita kiasi: hayana chumvichumvi za kuzuia asidi isipande ghafla, na bati jipya huachia zinki. Yachanganywe na ya kisima.

Kuna sumu moja ya hapa isiyotajwa sana katika vitabu vya ughaibuni. Uasin Gishu ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na katika maboma mengi dawa ya kupe hunyunyizwa kwa bomba la mgongoni. Dawa zenye sipamethrini au deltamethrini ni sumu kali mno kwa samaki, kwa kiasi ambacho ng'ombe hatakihisi. Aliyenyunyiza ng'ombe asubuhi kisha akaingiza mkono tangini kupanga mawe, hata akiwa amenawa harakaharaka, anaweza kuwakuta samaki wakizunguka kama pia, wakitetemeka, kisha wamelala ubavu. Dawa ya mbu ya kupuliza ni ndugu yake wa karibu. Tiba ni moja: kubadilisha sehemu kubwa ya maji mara moja, yawe na joto lile lile, na kuweka mkaa maalumu wa kuchujia. Makaa ya jikoni hayafanyi kazi hiyo vizuri.

Vidoa vyeupe

Huu ndio ugonjwa unaojulikana zaidi, na ndio unaoonyesha vizuri kwa nini Plateau inahitaji hesabu yake. Samaki huonekana kama aliyenyunyiziwa chumvi au semolina. Kinachosababisha ni kimelea cha seli moja, Ichthyophthirius multifiliis, alichokieleza Mfaransa Fouquet mwaka 1876. Kila kidoa ni kimelea kimoja kilichojichimbia chini ya ngozi, na huko hakuna dawa ya kawaida inayokifikia. Kikishiba, hutoka, hujibandika kwenye kokoto au kioo, hujifungia ndani ya gamba na kugawanyika mpaka kuzaa watoto wanaoweza kufika mamia, hata elfu. Watoto hao huogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili hivi hufa. Ni katika kipindi hicho cha kuogelea tu ndipo dawa au chumvi huwaua.

Katika maji ya nyuzi 25 mzunguko wote huchukua siku nne au tano. Kwa nyuzi 15 unaweza kuzidi wiki mbili, na kwa nyuzi 10 mwezi mzima. Sasa mtu anatia dawa Jumatatu kama kichupa kilivyosema, siku tatu mfululizo, vidoa vinatoweka Ijumaa, anaacha. Vidoa havikufa. Vimeshuka chini kuzaa, na katika ubaridi ule vinazaa taratibu. Baada ya wiki mbili samaki amefunikwa mwili mzima, na dukani analaumiwa aliyeuza dawa.

Njia mbili zipo. Kwa samaki wa maji ya joto, hita huongezwa nyuzi moja au mbili kwa siku hadi 28 au 30, ili vimelea vitoke upesi, na matibabu yaendelee siku kumi au zaidi baada ya kidoa cha mwisho. Hapo pampu ya hewa si pambo tena. Ziwekwe mbili kama zipo, chakula kipunguzwe, na idadi ya samaki iwe ndogo, kwa sababu ya ile hesabu ya oksijeni. Kwa samaki dhahabu, asiyependa joto hilo, maji huachwa kwenye nyuzi 20 hivi na matibabu kurefushwa hadi wiki tatu au nne. Hili la pili linachosha, lakini kwa mtu wa Plateau mwenye tangi moja na stima inayokatika, mimi ningelichagua.

Chumvi ndiyo dawa ya kwanza na ya bei rahisi: gramu 2 hadi 3 kwa lita. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 lina lita 54. Toa kokoto na nafasi ya juu, zibaki 45 hivi. Basi ni gramu 90 kwa kuanzia, ziyeyushwe kwenye jagi na kumiminwa kwa mafungu matatu ndani ya siku moja na nusu. Chumvi haipandi na mvuke, hivyo huongezwa tu kwa kadiri ya maji yaliyotolewa. Chumvi ya mezani yenye madini joto haina neno. Isitumike chumvi ya ng'ombe ya agroveti: ina shaba na madini mengine ambayo ni sumu kwa samaki.

Methilini buluu hutumika katika ndoo ya kuwatenga wagonjwa, si katika tangi kuu, kwa kuwa huwadhuru bakteria wa kichujio. Fomalini huua vimelea vizuri lakini hula oksijeni ya maji, na kwa mwinuko huu ni dawa ya kuogopwa.

Stima ikipotea usiku, tangi hufungwa blanketi pande zote isipokuwa juu, na pampu ndogo ya betri huwashwa. Kuingiza jiko la makaa chumbani ili kuwapasha samaki ni hatari kwa walio nje ya kioo.

Maradhi mengine

Mapezi yanayoliwa kingo, yakawa meupe au mekundu, huitwa kuoza mapezi. Ni kazi ya bakteria kama Aeromonas na Flavobacterium, na mara nyingi hupona kwa maji safi, joto linalofaa na chumvi kidogo. Nyuzinyuzi kama pamba ni Saprolegnia, kiumbe kinachofanana na kuvu, kinachoshika mahali palipojeruhiwa na kupenda maji baridi. Samaki dhahabu anayeelea kichwa chini huwa amevimbiwa au kibofu chake cha hewa kimebanwa. Aachishwe chakula siku mbili au tatu, kisha apewe njegere iliyochemshwa na kumenywa.

Tumbo likivimba na magamba yakasimama kama koni ya msonobari, figo zimeshindwa. Hiyo ni dalili ya mwisho zaidi kuliko ugonjwa wenye jina, na wachache hupona. Hapa ndipo watu hukimbilia oksitetrasaiklini ya kuku. Unga huo hutiwa majini bila kujulikana bakteria gani anapigwa vita, katika maji magumu hushikwa na kalisi usifanye kazi, na bakteria wanaobaki hujifunza kuuzoea. Uamuzi huo ni wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichoko Chepkoilel, kinafundisha sayansi ya samaki, na hadubini humaliza kwa dakika tano ubishi wa wiki nzima.

Asiyeweza kuponywa hulazwa kwa mafuta ya karafuu. Matone kumi hivi kwa lita hutikiswa kwanza ndani ya chupa yenye maji ya vuguvugu mpaka yawe kama maziwa, kisha humiminwa polepole alipo samaki. Hulegea, hulala, na matamvua yakishasimama huachwa humo nusu saa zaidi. Maji hayo yasimwagwe mtoni wala bwawani, na samaki aliye hai asiachiliwe huko pia.

Samaki mpya hutengwa kwenye ndoo yenye sponji na pampu kwa wiki nne. Bila hita, sita.

Ugonjwa mmoja huvuka kioo. Mycobacterium marinum, jamaa wa bakteria wa kifua kikuu, huwakondesha samaki na kuwapinda uti, na huweza kuingia kwa binadamu kupitia mchubuko wa kidole. Baada ya wiki kadhaa hutokea kivimbe kigumu chenye rangi ya zambarau mkononi, kisichouma sana wala kupona. Mwenye kidonda avae glavu anaposafisha tangi, na akifika hospitali na kivimbe cha namna hiyo amwambie daktari, bila kusubiri kuulizwa, kwamba nyumbani anafuga samaki.