Ukumbusho wa Nani? Picha ya "Mwanamke Huru" katika Historia ya Katanga

Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliochunguza michoro ya Shaba (ndiyo Katanga) katika miaka ya 1970, walionyesha kwamba wachoraji na wanunuzi walilitumia neno ukumbusho kueleza kazi ya picha: kumfanya mtazamaji akumbuke na kuwaza. Makala haya yanachukua neno hilo kama kipimo. Mwanamke anayeishi kwa biashara ya ngono anapowekwa mbele ya kamera na kupambwa kwa mfano wa picha za wasanii, ukumbusho unaobaki ni wa nani?

Tuanze na mazingira. Kipushi ni mji wa mgodi, mpakani na Zambia, kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi. Uchimbaji mkubwa ulianza hapo katika miaka ya 1920 chini ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Ulisimama mwaka 1993, ukarejea mwaka 2024. Mwanzoni kampuni iliajiri hasa wanaume waliokuja bila familia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilihimiza waishi na wake zao kambini. Kwa mpango huo, mke alikuwa na nafasi katika daftari. Asiye na mume hakuwa nayo.

Serikali ya Ubelgiji ilimwita huyo wa pili kwa Kifaransa "mwanamke huru", na katika baadhi ya miji ilimtoza kodi ya peke yake. Jina hilo liliwakusanya pamoja mjane, mtalaka, mchuuzi na malaya. Katika Kiswahili, huru ni kinyume cha mtumwa, nalo ni neno la heshima. Hapa heshima hiyo iligeuzwa kuwa shutuma.

Wachoraji wa Katanga walimjibu kwa njia yao. Miongoni mwa picha zilizopendwa sana katika nyumba za miaka ya 1970 ilikuwa mamba muntu: nusu mwanamke, nusu samaki, mwenye nywele ndefu, mara nyingi na saa mkononi na nyoka karibu naye. Ilisimuliwa kwamba huleta utajiri kwa anayeshika masharti yake. Watafiti kadhaa wamemwona ndani yake mwanamke wa mjini, anayetamaniwa na kuogopwa kama fedha ya mshahara yenyewe. Sura hiyo ni jamaa ya Mami Wata wa Afrika Magharibi, ambaye wanahistoria wa sanaa wamemfuatilia hadi picha ya mwanamke mchezaji wa nyoka iliyochapwa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880. Mwanamke wa maonyesho alisafiri bahari mbili akawa jini. Maisha yake mwenyewe hayakusafiri naye.

Kamera nayo ilifuata njia hiyo. Mjini Kinshasa, katika miaka ya 1950 na 1960, Jean Depara, mzaliwa wa Angola, aliwapiga picha wanawake wa baa na dansi. Wengi wanaitazama kamera kwa kujiamini, na ni dhahiri kwamba walishiriki kutunga picha zao. Hata hivyo, leo jina linalojulikana ni la mpiga picha.

Mfano wa mbali unaeleza zaidi. Yapata mwaka 1912, E. J. Bellocq aliwapiga picha wanawake wa Storyville, mtaa wa New Orleans, Marekani, ambako biashara ya ngono ilivumiliwa na sheria. Picha hizo zilionyeshwa New York mwaka 1970. Baadhi ya nyuso zilikuwa zimekwanguliwa kwenye kioo cha negativu.

Kukwanguliwa huko kunatukabili na swali gumu. Ni rahisi kudai kwamba kila mwanamke aandikwe jina chini ya picha yake. Lakini katika mji mdogo kama Kipushi, ambako uso hutambuliwa sokoni na kanisani, jina laweza kumletea mama aibu na mtoto kejeli shuleni. Kuficha jina ni kumfuta mtu. Kulitangaza bila ridhaa ni kumwanika.

Kwa hiyo twaona kwamba haki inayodaiwa si jina, bali uamuzi juu ya jina: aonyeshe uso au kisogo, aitwe kwa jina lake au kwa alilolichagua, ajue picha itatundikwa wapi na nani atalipwa, na aweze kukataa hata baada ya kulipwa ujira wa siku. Mapambo ya kisanii hayaondoi wajibu huo. Neno huru lilichukuliwa kutoka kwa wanawake hawa na daftari la kodi. Mpiga picha wa leo anayo nafasi ya kulirudisha, na hapo ndipo picha yake itakapostahili kuitwa ukumbusho.