Mwenye Sanamu Anajulikana, Fundi Hajulikani: Kisa Kilichoanzia Karema

Mtu wa Mpanda ukimtajia Karema siku hizi atakuambia habari za bandari mpya, mizigo ya Kongo na dagaa. Wazee watakwenda mbali zaidi, watakutajia misheni ya zamani na Adrian Atiman, yule aliyeuzwa utumwani utotoni huko Afrika Magharibi, akafika Karema 1889 akiwa daktari na katekista, akatibu watu hapo mpaka alipofariki 1956. Ila kwa wanaofuatilia sanaa za Kiafrika huko Ulaya, Karema inaingia kwenye stori kwa sababu nyingine kabisa. Inahusu mwanajeshi mmoja wa Kibelgiji na sanamu ambazo hazina jina la aliyezichonga.

Karema ilikuwa kituo cha Wabelgiji tangu 1879, enzi zile Mfalme Leopold II alikuwa anatafuta njia ya kuingia katikati ya Afrika. Mwaka 1882 kituo kikawa chini ya Émile Storms, luteni kijana. Mwaka uliofuata akavuka Ziwa Tanganyika, akajenga kituo kingine ng'ambo, mahali panaitwa Mpala, ambapo leo ni Kongo. Huko akakutana na Lusinga, chifu wa Watabwa. Mdau usidhani Lusinga alikuwa malaika. Alivamia vijiji vya jirani na kuuza watu. Lakini eneo moja haliwezi kuwa na majogoo wawili, na Desemba 1884 watu wa Storms wakamvamia, wakamuua, wakamkata kichwa. Kijiji kikachomwa. Miongoni mwa vitu vilivyobebwa ni sanamu ya mababu wa Lusinga mwenyewe.

Hapo ndipo historia ya sanaa inapoanzia, na inaanza kwa damu.

Mwaka 1885 Storms akarudi Ulaya, na vituo vyote viwili, Karema na Mpala, wakakabidhiwa wamisionari tunaowaita White Fathers. Sanamu zikaishia nyumbani kwake Brussels, zikapangwa na mikuki na silaha nyingine kama mapambo ya mtu aliyeshinda vita. Storms mwenyewe akapanda cheo mpaka jenerali. Baada ya kifo chake, mjane wake akavitoa vitu hivyo vikaenda kwenye makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Fuvu la Lusinga nalo likaenda kwenye taasisi ya sayansi za viumbe hapo hapo mjini.

Sasa tazama kazi ya mratibu wa maonyesho ya sanaa. Wengi wanafikiri ni kupanga vitu vipendeze machoni tu. Kupanga ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe ni kuchagua nini kionekane na nini kibaki stoo, kisha kuandika kile kikaratasi kinachokaa pembeni ya kitu. Kikaratasi kile ndicho mgeni anachosoma, ndicho kinachoingia kwenye katalogi, na ndicho muuzaji sanaa anachokinukuu akitaka kupandisha bei. Storms hakusomea hayo yote, lakini ukweli ni kwamba aliyafanya. Alichagua, akapanga, na habari zake ndizo zilizofuata sanamu kila ilipokwenda. Ndiyo maana leo inaitwa sanamu ya Lusinga, ya mkusanyo wa Storms. Jina la aliyeporwa lipo. Jina la aliyepora lipo. Fundi aliyekaa na tezo siku kadhaa akichonga ule mti hakuna aliyemuuliza.

Na alikuwa fundi hasa. Sanamu za Watabwa zimechorwa chale kwa mpangilio, kuna mstari wa katikati ya mwili wanaouita mulalambo, na kuna pembetatu zinazojirudia ziitwazo balamwezi, maana yake kuandama kwa mwezi mpya. Mtu wa Kiswahili neno hilo hata hahitaji kutafsiriwa, mwezi ni mwezi. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Kimarekani, Allen Roberts na Evan Maurer, walitengeneza maonyesho makubwa ya sanaa ya Watabwa na jina lake wakalichukua hapo hapo, kwenye kuandama kwa mwezi mpya. Hii ndiyo tofauti ya mratibu aliyekwenda kuishi na wenyeji na kuuliza, na yule anayeandika akiwa ofisini.

Kwamba jina haliwezi kupatikana tena ni kisingizio. Kuna mfano wa jirani tu, huko huko Kongo. Mbelgiji mmoja, Frans Olbrechts, aliona kwamba vigoda na sanamu kadhaa za Kiluba zinafanana mno: nyuso ndefu, mashavu yamebonyea, kama wazee wenye huzuni. Akasema hizi ni za mkono mmoja, akaupa mkono huo jina la Fundi wa Buli, kwa sababu ya kijiji ambako baadhi zilitoka. Olbrechts baadaye akawa mkurugenzi wa Tervuren. Mwaka 1979 kigoda kimoja cha fundi huyo kilinunuliwa na Metropolitan Museum ya New York. Na watafiti walioendelea kuchimba wakaja na jina la mtu kabisa, Ngongo ya Chintu, kwamba huenda ndiye. Kwa hiyo inawezekana. Inataka mtu aone haja ya kuuliza.

Kwa upande wa Tanzania kulikuwa na tatizo la ziada. Kwa miaka mingi wauzaji na wasomi wa Ulaya walikuwa wanasema Afrika Mashariki haina sanamu za maana, kana kwamba mpaka wa sanaa ulikatwa katikati ya Ziwa Tanganyika. Wazo hilo lilipigwa pigo kubwa 1994, Ujerumani, yalipofanyika maonyesho ya sanamu za Tanzania na katalogi yake ikabeba hadi jina la Kiswahili, Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Mwaka 2013 yakaja mengine New York, yakaitwa Shangaa, yaliyoratibiwa na Gary van Wyk. Jina moja tu, Shangaa, na watu wakaingia. Hiyo ndiyo kazi ya masoko kwenye sanaa. Lakini hata humo, mabingwa wengi hawana majina. Ni "Mnyamwezi", ni "magharibi mwa Tanzania", basi.

Linganisha na Edward Saidi Tingatinga, ambaye alipaka rangi za baiskeli kwenye mbao za hardboard na kuuza pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki 1972 kwa risasi ya polisi, akiwa amechora miaka michache tu. Ila jina lake lilibaki kwenye picha, ndugu na wanafunzi wakalishika, 1990 wakaunda ushirika, na mpaka leo mtalii anaomba Tingatinga kama anavyoomba chai. Wapo waliochora vizuri chini ya jina hilo wakabaki kivulini, hilo nalo ni kweli. Lakini familia zao zilikula.

Huko Ubelgiji mambo yamesogea kidogo. Makumbusho ya Tervuren yalifungwa 2013 kwa ukarabati yakafunguliwa tena Desemba 2018, mwaka ule ule magazeti ya huko yalipofufua habari ya fuvu la Lusinga. Mwaka 2022 sanamu ya kichwa cha Storms iliyokuwa kwenye bustani moja ya Brussels ikaondolewa. Yaani jenerali naye kageuka kitu cha makumbusho.

Ng'ambo ya Karema, upande wa Moba na Mpala, Watabwa bado wapo, na boti zinavuka kwenda na kurudi. Mapema au baadaye, mtu wa makumbusho aliye makini atafika Mpanda, apande gari la Karema, avuke, akakae na wazee awaulize ni ukoo gani uliokuwa unachonga kwa Lusinga. Wazee wenyewe wanazidi kupungua.