Kobe Wanne Walioanzia Kwenye Karatasi

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunawajua wale kobe wanne wenye vitambaa usoni, wanaopigana kininja na kuishi kwenye mitaro ya maji machafu. Kuna aliyewaona kwenye filamu, kuna aliyewaona kwenye gemu. Lakini ukiuliza kijiweni walitoka wapi, watu wanatazamana. Walitoka kwenye kitabu cha katuni, cheusi na cheupe, kilichochapwa na jamaa wawili kwa hela ya kuungaunga. Leo nataka tufuate safari yao kutoka karatasi hadi gemu ya mwaka 1989, maana ndani yake kuna jambo linalomhusu kila chipukizi mwenye daftari la hadithi chini ya godoro.

Novemba 1983, huko Dover, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, Kevin Eastman na Peter Laird walikuwa wachoraji wanaohangaika. Usiku mmoja Eastman akachora kobe ameshika silaha za ninja, utani mtupu. Laird akaongeza wa kwake. Utani ukanoga, kobe wakafika wanne, wakapewa majina ya mabingwa wa sanaa wa Italia ya kale: Leonardo, Raphael, Michelangelo na Donatello. Wenyewe wakajiita Mirage Studios, yaani studio ya mazigazi, kwa sababu studio haikuwepo! Ilikuwa sebule tu. Hela ya kuchapia ilitoka kwenye marejesho ya kodi na mkopo wa mjomba wake Eastman. Mei 1984 wakatoa nakala kama 3,000. Zikaisha, wakachapa tena.

Hadithi ya toleo lile la kwanza ilikuwa kali. Splinter, mwalimu wa kobe, alikuwa panya kweli, aliyefugwa na ninja aitwaye Hamato Yoshi. Oroku Saki, ndiye Shredder, alimuua Yoshi. Panya akawalea kobe wanne kwa shabaha moja, kulipa kisasi. Na kisasi kinalipwa humo humo: Shredder anakufa kabla kitabu hakijaisha.

Kisha ikaja katuni ya televisheni, mwaka 1987, na mambo yakalainishwa. Kila kobe akapewa kitambaa cha rangi yake. Splinter hakuwa tena panya wa Yoshi, alikuwa Yoshi mwenyewe aliyegeuka panya. April O'Neil, ambaye kwenye kitabu ni msaidizi wa maabara, akafanywa mwandishi wa habari wa televisheni. Shredder naye hafi. Anashindwa leo, kesho yupo.

Mwaka 1989 kampuni ya Konami ya Japani ikatoa gemu ya kobe kwa mashine ya Nintendo. Marekani iliuzwa kwa jina la Ultra Games, na hapo kuna ujanja: Nintendo ilikuwa hairuhusu kampuni moja kutoa huko zaidi ya gemu 5 kwa mwaka, basi Konami ikafungua jina la pili. Ni gemu ya kuruka na kupanda. Unatembea mtaani ukionekana kwa juu, ukiingia kwenye shimo au jengo unaonekana kwa ubavuni, unaruka ukingo hadi ukingo huku unapiga maadui. Aliyeicheza hasahau lile bwawa. Mabomu 8 chini ya maji, muda ni dakika 2 na sekunde 20, na majani yenye umeme pande zote. Pedi nyingi zimerushwa ukutani kwa sababu ya majani yale.

Sasa tuingie kiwandani kidogo. Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2 tu. Kwa hesabu ya mwandishi, hizo ni herufi 2,048, hazijazi hata kurasa mbili za riwaya. Tena haikuweza kuonyesha vipande zaidi ya 8 vya picha zinazotembea kwenye mstari mmoja wa skrini. Vikizidi, vingine vinapotea, ndiyo maana maadui walikuwa wanamemeteka kama taa ya kibatari. Kobe wanne na kundi la maadui kwa pamoja ingekuwa mzigo mzito.

Kwa hiyo gemu ikamweka kobe mmoja tu mbele yako, na wewe unambadilisha unapotaka. Donatello ana fimbo ndefu, anapiga kwa mbali. Raphael silaha zake fupi, lazima asogee karibu. Kobe akizidiwa hafi, anatekwa, na ndugu zake wanaweza kwenda kumkomboa. Hebu fikiria hapo. Kitabu kilituambia kwa maneno na picha kwamba hawa ni ndugu. Gemu haikuwa na nafasi ya kusema, ikakufanya wewe uhangaike kumtafuta ndugu yako aliyetekwa. Mtunzi mzuri hulia na ufinyu wa nafasi, kisha anautumia.

Mwisho wa gemu Splinter anarudishiwa ubinadamu wake. Kwa kitabu cha kwanza jambo hilo haliwezekani, panya hakuwahi kuwa mtu. Lakini tazama jalada la gemu ya Marekani: kobe wote wanne wamevaa vitambaa vyekundu, kama kwenye majalada ya vitabu vya mwanzo. Ndani umekuta mambo ya televisheni, nje karatasi bado inadai asili yake.

Huku kwetu, gemu ile ilipotoka, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, Bara tulisubiri hadi 1994. Kobe walitufikia kwa njia za panya: mashine za kuiga Nintendo, kaseti moja imejazwa gemu kibao. Hapa Kanazi, wilaya ya Ngara, mimi niliwakuta kwenye mashine ya mjomba, inayoendeshwa kwa jenereta, na kila mtoto anangoja zamu. Kobe tulikuwa tunamjua tayari, yule wa hadithi za jioni anayemshinda sungura kwa akili. Huyu wa upanga tulimpokea kama binamu yake.

Je, sisi hatukuwa na karatasi? Tulikuwa nayo, tena ya kujivunia. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Saidi Bawji na Nico ye Mbajo waliunganisha herufi za mwanzo za majina yao, likapatikana jarida la Sani, lenye Lodilofa, Ndumilakuwili na Kipepe. Watu waliazimana nakala hadi zikachanika. Mimi bado sijamwona Lodilofa akirukaruka kwenye skrini akimkimbia anayemdai, na naamini gemu hiyo ingechezwa hadi alfajiri.

Jambo lililowaokoa Eastman na Laird halikuwa kipaji peke yake. Kobe walikuwa mali yao. Mwenye katuni, mwenye midoli, mwenye gemu, kila mmoja ilibidi abishe hodi. Hadithi ilibadilika mikononi mwa wengi, lakini mlango ulikuwa mmoja. Eastman baadaye alimuuzia mwenzake sehemu yake, na mwaka 2009 kampuni ya Viacom ikanunua haki hizo kwa takriban dola milioni 60. Zilianzia sebuleni, kwa mkopo wa mjomba.

Nayasema haya kwa sababu yamenigusa. Mwaka jana mtu mmoja wa filamu aliusoma mswada wangu, akaupenda, akaleta karatasi nisaini. Bei yake ingenunua simu ya kawaida. Chini imeandikwa "haki zote, milele". Nyumbani tulikuwa na shida ya hela, sitaki kudanganya. Mama akaniuliza, "Mwanangu, ukiuza shamba, mwakani utalima wapi?" Nikairudisha karatasi haina saini. Hela sikupata, na mswada bado ni wangu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu unapoitunga kazi yako, hata ikiwa kwenye daftari la mistari. Wengi hatujui, tunasaini huku tumesimama. Hadithi ikipendwa itabadilishwa tu, panya atafanywa mtu, aliyekufa atafufuliwa. Wewe soma karatasi yote kabla hujashika kalamu, uza ruhusa ya kuitumia, na shina libaki kwako.