Urithi wa 1981 ulivyokaribia kuizika tasnifu

MWEZI jana mwanafunzi wangu wa uzamili aliingia ofisini akiwa amekikumbatia kipakatalishi chake kama mzazi aliyebeba mtoto mgonjwa. Fundi alikuwa 'amekirekebisha', na tangu hapo skrini ilisema tu kwamba hakuna diski ya kuwashia.

"Mwalimu, sura zote tano zimeenda! Fundi anasema ati lazima afomati."

Nilimsihi asikubali. Tulipofungua menyu ya mipangilio, tulikuta 'Legacy' ndilo lililochaguliwa mahali pa 'UEFI'. Kamusi itakwambia neno hilo lina maana ya urithi. Urithi wa nani?

Mnamo 1981 kampuni ya IBM ilitoa tarakilishi yake ya kibinafsi. Ndani yake mlikuwa na programu ndogo iitwayo BIOS, jina ambalo Gary Kildall alikuwa amelitumia katika mfumo wake wa CP/M miaka ya 1970. Kazi yake ni kama ya bawabu: hukagua vifaa, husoma baiti 512 za kwanza za diski, kisha huzikabidhi usukani. Mwaka 1983 likaja jedwali la kugawa diski, MBR, ambalo hugonga ukuta diski inapozidi terabaiti 2 hivi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Intel ilipokuwa ikiunda prosesa ya Itanium, iliona bawabu huyo amezeeka. Ikabuni EFI. Mwaka 2005 kampuni kadhaa zilishikana mikono kuisimamia, ikawa UEFI. Bawabu huyu mpya hutafuta faili maalumu katika sehemu iliyotengwa ya diski, ambayo kwa kawaida imegawanywa kwa jedwali jipya, GPT. Ili wenye mifumo ya awali wasiachwe mataani, watengenezaji waliacha njia ya kurudi enzi za BIOS. Njia hiyo ndiyo 'Legacy'.

Hapa ndipo tafsiri ya kamusi inapotupotosha. Kwetu urithi una heshima: mtu hurithi shamba, jina, hata busara. Katika Kiingereza cha mafundi, neno hilo limeshuka hadhi. Ni kitu kikuukuu kinachovumiliwa kwa kuwa wapo wanaokitegemea. Mimi ningesema 'mfumo wa kale'. Mwanafunzi wangu angeona 'mfumo wa kale' kwenye mashine aliyoinunua juzi, angalau angeshuku.

Tulichagua UEFI, tukahifadhi, tukawasha upya. Sura tano zikajitokeza, hata koma haikupungua. Diski haikuwa imefutwa. Bawabu wa kale alikuwa akibisha mlango usiokuwepo. Kilichokaribia kuizika tasnifu ni ile fomati.

Basi kabla ya kugusa swichi hiyo, uliza kwanza diski yako iligawanywa vipi. Mfumo wa Windows uliowekwa kwenye diski ya GPT huhitaji UEFI. Ule wa MBR huhitaji mfumo wa kale. Anayetaka kuhama kutoka MBR hadi GPT ana zana iitwayo MBR2GPT, iliyokuja na Windows 10 mwaka 2017, ambayo hugeuza jedwali bila kufuta faili.

Hata hivyo, weka nakala kwanza. Mwanafunzi wangu sasa anazo tatu.